Nusu ya Mteremko

Baba, shikamoo.

Ulitufundisha kwamba barua inaanza na "sisi huku ni wazima" hata kama nusu ya nyumba inaumwa. Basi, sisi huku ni wazima. Mama mgongo unamsumbua, kahawa ile uliyoipanda nyuma ya jiko imeanza kuzaa, na mimi nimekaa kwenye kigoda chako hapa mlangoni, viganja vimejaa malengelenge. Nimechoka, Baba. Jana tumelima ngolo, mashimo yale ya kushika maji, kwenye mteremko wako, na kabla sijakueleza ya jana, kuna la mwaka jana ambalo sijawahi kukwambia. Nimelikalia muda mrefu kwa sababu naona aibu.

Lilianza siku ya kukuzika. Hata jeneza halijatoka hospitali ya Litembo, watu walishaanza kuulizana ulikuwa wa chama gani. Baba mdogo Hyasinti, na ukatibu wake wa tawi, akaja na bendera ya chama chao imekunjwa ndani ya mfuko wa rambo. Mama Kolumba akaiona. Unamjua jirani yako. Akasema kama bendera inawekwa juu ya jeneza, basi na ya chama chake yeye iwekwe, maana ni wewe uliyesimama kwenye mkutano wa kijiji ukauliza kwa nini mabati ya zahanati yameezeka nyumba ya mtu. Padri ndiye aliyewanyamazisha, akafunika jeneza kwa kitambaa cha kanisa.

Baadaye tukafungua sanduku lako. Kadi ya chama cha baba mdogo ilikuwemo, pembeni imeliwa na mende, na ndani yake umehifadhi mbegu za maboga. Baba mdogo akasema mnaona, aliitunza mpaka mwisho. Mama Kolumba akasema mnaona alivyoitumia. Mama akacheka msibani, Baba. Akacheka mpaka akalia, na mimi nikamfuata.

Ukweli ni kwamba hata mimi sikujua niwajibu nini. Ulipenda kahawa iuzwe kwa pamoja, kila mtu apeleke chama cha ushirika, na mnunuzi anayepita nyumba kwa nyumba ulimwona mwizi. Ulitaka ardhi ibaki ya ukoo, isiuzwe kwa mtu wa mbali hata akija na gari gani. Hapo ulikuwa mtu wa zamani kabisa. Halafu papo hapo ulisema kiongozi akishachokwa aondoke, na kwamba mtu akikatazwa kusema mkutanini, mkutano huo umeshakwisha. Ukiisifu barabara ya lami ya kwenda Songea asubuhi, jioni unauliza kwa nini mwenyekiti hasomi taarifa. Kila hotuba ulikubali nusu. Ulikuwa unainua kidole, "Hapo nakubali," na baada ya muda kidole kingine, "Hapo sikubali," mpaka wageni waliotumwa kutoka wilayani wakawa wanakuangalia wewe badala ya kuangalia karatasi zao.

Na mimi umeniachia ugonjwa huohuo. Tena sikukubaliana na wewe kwenye yote. Mimi nilisema mkulima auze kahawa yake anakotaka, nikasema binti akizaa arudi darasani, na wewe ukanuna siku mbili. Siku ya tatu ukaniletea miwa kutoka bondeni, ukaniachia mlangoni. Hukunikubalia na hukuniomba nibadilike. Nimezunguka tangu uondoke, sijakuta mtu mwingine wa kubishana naye namna hiyo.

Unakumbuka tulivyoteremka Mbaha kwa wakwe zako, nikiwa mdogo? Ilikuwa Jumapili, ukaingia na Mama kwenye kanisa lao la Anglikana, rozari yako mfukoni, ukaimba nyimbo zote kwa sauti ile yako ya kukwaruza. Mjomba akakutania nje kwamba sasa umehama. Ukamwambia nyimbo umezikubali zote, mahubiri nusu. Alicheka akakupa mbasa mzima wa kurudi nao nyumbani. Mimi nilifikiri mambo yote ya watu wazima yanakwisha hivyo, kwa samaki.

Sasa la mwaka jana. Machi ilifika, mteremko wako umejaa majani, na mimi peke yangu nisingeweza. Mama alikuwa Mbaha anauguza goti la bibi. Nikaamua kuita ngokela, majirani waje walime siku moja na mimi niwape chakula, kama ulivyofanya miaka yote. Baba mdogo akasikia. Akaja na uso wa huruma, akasema mwanangu, umefiwa, utapika saa ngapi na jiko lenyewe lina moshi, niachie mimi chakula. Nilikuwa nimechoka, Baba. Nikasema asante.

Sikuuliza chakula kinatoka wapi. Siku ya kazi, wanaume wakafyeka na kuyapanga majani mteremko mzima, mistari ya kushuka na mistari ya kukata, vizuri tu, wewe mwenyewe usingetoa kasoro. Wakati wa wanawake kuingia na majembe kufukia majani ndipo ikapanda pikapu kutoka Kitai. Mchele, mbuzi wawili, masufuria makubwa, na fulana za mtu anayetaka ubunge, zenye uso wake. Wakafunga na kitambaa chenye jina lake kwenye mti wa kahawa. Kwenye mti wako.

Mama Kolumba alikuwa anapanda na kina mama wake, majembe begani. Akasimama pale njiani. "Sikujua shamba la marehemu limekuwa uwanja wa mikutano," akasema, akageuka, na nusu ya majembe ikageuka naye. Nilikimbia nikamshika mkono. Akanitazama kwa upole, hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Osmunda, chakula cha ngokela kinatoka jikoni kwa mwenye shamba. Hilo baba yako alikufundisha." Nikauachia mkono wake, kwa sababu ni kweli ulinifundisha.

Waliobaki walifukia nusu ya chini wakaenda kula wali. Nusu ya juu majani yakabaki wazi, yamepangwa vizuri, bila udongo. Nikajiambia nitamalizia mwenyewe kidogokidogo. Nikafukia safu tatu. Halafu mvua ya Aprili ikaja kwa hasira yake, ikayakunja majani ya juu yote ikayasukuma chini pamoja na udongo, ikajaza mashimo yaliyokuwa yamelimwa, maharage tuliyopanda yote yakaenda. Na wewe unalala wapi? Chini ya mteremko. Nilipofika asubuhi tope lilikuwa limebomoa ukingo wa kaburi lako upande wa kichwani na msalaba umeinama. Niliunyanyua kwa mikono yangu, Baba, nikaukandamiza kwa mawe. Nililia kwa sauti. Sikumwita mtu.

Mama aliporudi aliona msalaba una mawe mapya. Akanipikia uji.

Halafu ukaja uchaguzi wa vitongoji. Wazee wawili walikuja kuniambia nigombee kiti ulichokikalia zamani, enzi za chama kimoja, wakasema watu wananisikiliza. Lakini kwetu mgombea lazima awe na chama, na mimi nikaanza kutembelewa. Baba mdogo akaleta kadi mpya, haijaguswa na mende. Watu wa chama cha Mama Kolumba wakaleta yao. Kila upande uliniambia nikishaingia nitasema ninachotaka. Nikawauliza wote swali moja, nikisimama mkutanini nikasema hapo sikubali, na jambo lenyewe ni la chama chenu, mtanifanya nini? Baba mdogo akasema mambo ya ndani husemwa ndani. Wale wengine wakasema huu si wakati wa kugawanyika. Nikawarudishia wote kadi zao, na kiti akakikalia mtu mwingine.

Tangu hapo naitwa popo, si ndege si mnyama. Dukani, kwenye mashine ya kusaga, popo. Katekista alihubiri juu ya walio vuguvugu, na nusu ya kanisa wakageuza shingo kwenye benchi langu. Siku ile nilikukasirikia. Ndiyo, nakwambia wazi. Nilikasirika kwamba uliishi hivyo kwa raha zako, na watu wakakuchekea kwa sababu wewe ni mzee na mwanamume na una kigoda chako, halafu ukaondoka ukaniachia mimi huo msimamo wa kulipima kila jambo peke yake. Nilisema nikiwa nafua, kwa sauti, "Baba umeniponza." Nisamehe. Au usinisamehe, ukubali nusu.

Machi hii nilitaka kuacha mteremko upumzike. Kusema kweli niliogopa kuita watu wasije. Lakini kila mvua ikinyesha nilikuwa naamka kwenda kuangalia msalaba, na mtu hawezi kuishi hivyo. Nikasimama nje ya kanisa baada ya misa ya kwanza, nikasema Jumanne naita ngokela, chakula ni cha kwangu, maharage ni ya kwangu, na kitoweo ni usipa, dagaa wale wa ziwani, ambao Mama ameuleta kutoka Mbaha. Nikasema na mwaka jana nilikosa. Mmoja alikohoa, wengine wakashika njia.

Tulipika mimi na Mama, na moshi ukatutoa machozi mpaka tukashindwa kujua tunalia kwa lipi. Wanaume walikuja saba. Enzi zako wangekuja thelathini. Wanawake walikuja wachache, nikaanza kuhesabu safu na kuona hatufiki. Baba mdogo hakuja. Lakini mama mdogo Ostiana, mkewe, alipanda kilima na jembe lake, amevaa kanga ile ya chama chao, ameigeuza ndani nje. Aliingia safu ya kwanza akaanza kufukia.

Saa nne nikaona jembe la Mama Kolumba kwenye kona ya juu. Sijui alipita wapi, hakupita nyumbani. Alikuwa peke yake. Yeye akawa anashuka, mama mdogo anapanda, kila mmoja ameinamia udongo wake, na hawa wawili hawajasalimiana tangu uchaguzi. Walipokutana katikati nilisimama na debe la maji mkononi nikingoja. Hawakusalimiana. Mama mdogo alisogea kidogo kumpisha, Mama Kolumba akafukia majani yaliyokuwa katikati yao, wakaendelea, huyu juu na yule chini.

Mama Kolumba hakula. Alisema ana mgonjwa nyumbani, na mgonjwa hana. Lakini Mama alimfuata njiani akamfungia usipa kwenye kitambaa, na aliupokea kwa mikono miwili.

Hatukumaliza. Zimebaki safu tano kona ya juu kulia, pale penye jiwe ulilokuwa unakaa kunoa panga. Alfajiri mvua imenyesha, ile nzito. Nilikwenda bila viatu. Mashimo yameshika maji, kila shimo na maji yake, na kaburi lako halijaguswa. Nilikaa pale chini mpaka nguo zikalowa, nikakusalimia tu.

Hakuna kilichokwisha, Baba. Bado mimi ni popo, baba mdogo bado hanipitii, na uchaguzi mwingine utakuja na pikapu zake. Nitakwenda kila mkutano. Nitainua kidole pale ninapokubali na pale nisipokubali, hata wakigeuza shingo, hata nikiwa nimechoka kama leo. Na hakuna mtu mwingine atakayepika chakula cha shamba lako nikiwa hai. Hilo nakuahidi.

Lala salama, Baba. Malengelenge yakipoa, hizo safu tano nitazifukia mwenyewe, kabla ya Jumapili.

Ni mimi mwanao, asiye na kadi,
Osmunda