Manjano ya Mchuzi

Kamwene, Mama.

Najua hutaitikia, lakini nikianza bila salamu utasema mji umeniharibu. Niko kwenye meza yetu ya viungo hapa sokoni Makambako, baridi imekaza, na vidole vyangu bado vya njano. Nimevisugua kwa sabuni, nimevisugua kwa majivu, wapi.

Uliponionyesha ule uvimbe kwenye titi ulikuwa kama punje ya njegere. Mimi ndiye niliyesikia redioni kwamba manjano yana kemikali ya kupambana na kansa, nikatwanga, nikakukorogea kwenye uji kila asubuhi. Ukawa unanisifu kwa majirani, mwanangu ana duka la dawa. Nikavimba kichwa. Miezi ikapita. Tulipofika hospitalini daktari hakutugombeza. Alisema manjano ni kiungo kizuri kwenye mboga, na ile kemikali yake, kurkumini, watafiti bado wanaichunguza, ila mwili unafyonza kidogo tu na hakuna aliyethibitisha kwamba inazuia kansa kwa mtu. Uvimbe ulitakiwa kuonwa mapema. Mapema, Mama, na mimi nilikuwa natwanga.

Ukaniapisha: "Wasitaje titi langu mbele ya watu." Nikatii. Historia yako iliyosomwa makaburini niliiandika mwenyewe: umekufa kwa presha, basi. Wenzako wa kwaya waliojua habari za uvimbe wakatazamana. Kumbe walielewa kwamba uvimbe ulipona, na aliyeuponya ni mimi.

Tangu siku hiyo wanakuja. Wananinong'oneza niwape manjano kama ya mama yangu. Nikiwaambia waende hospitali wanacheka, wanadhani naficha dawa ya ukoo. Nikisema ukweli nakuvua nguo na umeshalala. Nikinyamaza, je? Nimekwama kama lori la mbao kwenye tope la masika, tena mzigo nimeupakia mwenyewe. Nimechoka, Mama.

Jumatatu alikuja mdogo wako Eliza kutoka Kichiwa. Kaleta viazi, kakaa kwenye ndoo yako. Akanishika mkono, akauweka kwenye titi lake, chini ya khanga. Njegere ileile. Akasema ana wiki kadhaa anakunywa manjano ya dukani kwao, hayamsaidii, sasa anataka yaliyotwangwa na mkono wangu.

Nikamwambia, "Mama mdogo, dada yako alikufa kwa titi. Alikufa akinywa haya."

Hakulia. Akauliza, "Mbona hukusema makaburini?"

Nikafunika meza, nikaondoka naye. Yuko nyumbani kwangu, kesho asubuhi tunakwenda hospitali wote wawili. Kama tumewahi au tumechelewa, sijui.

Nisamehe. Siku ya ibada ya kuweka msalaba kaburini kwako nitaisoma historia yako upya, na titi nitalitaja. Ukikasirika, kasirika. Afadhali uninunie wewe kuliko nimzike Eliza. Pumzika, Mama. Manjano nitaendelea kuuza, lakini ya mchuzi.

Mwanao, mwenye vidole vya njano.