Geuza Nguo Uone Ndani

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za cherehani, ambayo nayo siku hizi inakohoa. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaonikumbusha umri. Wewe hujambo? Unakula? Usinijibu "nakula vizuri" kama kawaida yako. Niambie unakula nini.

Barua yako nimeipata kwa dereva wa lori. Nimefurahi umeandika, maana simu siiamini. Kwenye simu mtu ananidanganya huku anatabasamu. Kwenye karatasi naona mwandiko, na wewe kwa huo mkono wako wa kushoto unaufagia wino wote, kwa hiyo hakuna anayeweza kujifanya wewe.

Umeuliza ununueje nguo za ofisini kwa mshahara wa mtu anayeanza kazi. Nisikilize. Usiende sokoni siku ya mshahara, wauzaji wanakusoma usoni. Usiende na njaa wala na rafiki wa kukusifu. Ukiona shati unalolitaka, shika kwanza lile usilolitaka uulize bei yake. Kisha geuza nguo uone ndani. Nje kila nguo inajipendekeza, ndani ndiko inakosema kweli. Vuta mshono: ukiona nyuzi zinachungulia kama meno, iache. Suruali iinue kwenye mwanga, utazame makalioni na mapajani. Kifungo kikikosekana usiogope, hiyo ni sababu ya kupunguziwa. Na usilipe bei ya kwanza hata siku moja. Bei ya kwanza ni ya wajinga na ya wagonjwa.

Kabla ya kutoa pesa jiulize utaivaa na nini. Kama haiendani na vitu viwili ulivyonavyo nyumbani, hiyo si nguo, ni mgeni.

Kushuku ndiyo kazi yangu, mwanangu, lakini kazi yako ni nyingine. Miaka yote nimeshona sare za watoto wa watu ili wewe ukae kwenye meza yenye feni. Sindano iishie kwangu. Mtaa mzima nimeuambia.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na cherehani imepata mafuta. Mimi sijambo. Nakula maharage na wali, na yai siku za Jumapili.

Barua yako imenikuta salama na nimeisoma mara nyingi. Nimefuata kila neno. Nimepata mashati mawili, moja kola yake ilikuwa imechakaa kidogo lakini kitambaa kizima kabisa. Muuzaji aliniangalia nilivyokuwa nikigeuza akasema, "Wewe umefundishwa na nani?" Nikamwambia mama.

Kazini kwema.

Mama, nina swali moja dogo. Mtu akitaka kununua sketi, ya kazini, isiyo ghali, atazame wapi kwanza? Na zipu ikiwa ngumu, inabadilishika au aachane nayo?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nilikuwa sijambo mpaka nilipofika kwenye neno "sketi".

Sketi? Nimesoma mstari huo nikavua miwani, nikaifuta, nikausoma tena. Mara ya mwisho nilipokuona ulikuwa unavaa suruali.

Nitakujibu, kwa sababu sitaki mtoto wa watu adhulumiwe sokoni kwa kosa la kukujua wewe. Atazame bitana kwanza. Bitana ikiwa imechanika pembeni mwa mpasuo, maana yake mwenyewe wa kwanza ilikuwa inambana. Ajaribu kukaa, asijaribu kusimama tu, kwa sababu kazini watu wanakaa. Zipu inabadilishika, hiyo si sababu ya kuiacha. Pindo likiwa pana ni bahati, anaweza kulishusha.

Sasa na mimi nijibiwe. Ni nani? Wazazi wake ni watu gani? Usinizunguke. Mimi nakujua tangu ukiwa unaficha vifungo vyangu mdomoni.

Mama yako

28 Aprili

Mama,

Shikamoo sana. Habari za huko? Huku tunashukuru, mvua imepungua.

Mama, tulia. Sketi ni ya dada wa mwenzangu mmoja. Ameanza kazi ya kupokea wagonjwa kwenye zahanati na alikuwa na pesa ya nguo moja tu. Kwa maneno yako alipata tatu, na zote zinaendana. Anakushukuru.

Na kama hutachoka: kuna mvulana anayerefuka kila mwezi, anatakiwa awe na suruali nzuri ya kwenda kujifunza kazi hotelini. Anunue kubwa, au inayomtosha? Na viatu vya mtumba, mtu anajuaje kama soli imebandikwa juzi?

Kazini kwema, feni inafanya kazi.

Mwanao

10 Mei

Wewe mtoto,

Sijauliza hali yako, nitauliza mwisho nikikumbuka.

Kwanza dada wa mwenzako. Sasa mvulana anayerefuka. Niambie ukweli: una watoto wangapi? Umeoa mjane? Sitapiga kelele. Nitakaa kitako nisikie, halafu ndipo nitapiga kelele.

Mvulana anunue inayomtosha kiunoni na yenye pindo pana miguuni, kiuno kikubwa kitamfanya atembee ameshika suruali mbele ya wageni. Kiatu akikunje. Soli iliyobandikwa juzi itatoa mlio na harufu ya gundi itamfika puani.

Jambo jingine. Tangu Machi umeniandikia habari za kola, zipu na soli. Hujaniambia jina la utani la bosi wako. Hujaniambia mmepigiana kelele na nani, wala chai yenu ikoje. "Kazini kwema." Mtu aliye kazini hulalamika, mwanangu. Nimeishi na baba yako miaka ishirini, najua.

Nitumie kwa dereva lile shati lenye kola iliyochakaa. Nataka kuona ulichonunua. Usilifue upya, usilipige pasi.

Haya, hujambo?

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, na sina mke wala mtoto.

Shati hilo hapo. Usilikague sana.

Mwanao

8 Juni

Mwanangu,

Nimelipokea shati. Nililiweka mezani, nikalizunguka, kisha nikaligeuza ndani.

Kola imetolewa ikageuzwa, upande uliochakaa umefichwa chini. Kazi ya mkono, si ya cherehani. Mishono midogo, imekaa sawa, haikuharakishwa. Kitu kibaya ni ukataji tu, umekatwa kama umetafunwa na panya. Nikasema moyoni, huyu ni mwanamke, na ni mwanamke mwenye subira, na amemteka mwanangu. Nilikasirika sana. Hata chai sikunywa.

Halafu nililipeleka dirishani. Mishono yangu yote inalalia upande mmoja. Hii inalalia upande wa pili. Mtu wa mashoto. Na mimi katika maisha yangu namjua mtu mmoja tu wa mashoto aliyekaa chini ya meza yangu ya kushonea, akiokota nyuzi na kutazama mikono yangu, na niliyemfukuza kila siku akasome.

Nikamwomba dereva apite ofisini kwako. Mlinzi amemwambia hujaonekana hapo tangu mwezi wa tatu. Nimelala na neno hilo kifuani.

Mtaa huu wananiuliza habari za ofisi yako, nami nawajibu. Umenifanya mwongo bila kuniambia. Kama utaniandikia "kazini kwema" tena, basi usiandike.

Mama yako

17 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekaa kimya muda mrefu, si kwa dharau. Nilikuwa naogopa, na kulikuwa na jambo nililotaka liamuliwe kwanza.

Barua yako ya kwanza ilinikuta nimeshapunguzwa kazi. Walitupunguza sisi wapya wote siku moja. Niliitia barua mfukoni nikaenda sokoni kutafuta shati la kuombea kazi nyingine. Nikawa nageuza, navuta mishono, kama ulivyosema. Kulikuwa na dada mmoja kando yangu, yule wa zahanati, akaniuliza natafuta nini humo ndani ya nguo. Hana kaka niliyefanya naye kazi, hilo nililitunga. Nikamwonyesha. Sketi ilinishinda, nikakuuliza, na jibu lako lilipofika nikatembea naye meza hadi meza mpaka akapata nguo zake. Bitana ya sketi moja ilikuwa imeachia, nikamshonea palepale, nikiwa nimekaa kwenye ndoo ya mama muuza vifungo. Yule mama akaniambia, "Kesho njoo, ndoo ipo."

Basi nikaenda kesho. Bado nipo, ila siku hizi nina kiti.

Siku za kazi narekebisha nguo. Jumamosi wanakuja vijana, wanaoanza kazi, wanaomaliza shule, wenye pesa kidogo ya jasho la mtu nyumbani. Zamani walikuwa wanaimaliza kwa shati moja lenye jina kubwa kifuani na mshono mbovu kwapani. Nazunguka nao soko lote. Wanagusa, wananusa, wanachuchumaa na suruali mbele ya watu bila aibu. Mmoja akishika kitu na macho yakamtoka, wenzake wote wanamwambia, "Geuza ndani!" Wananiita Mashoto. Nawasomea barua zako, zile sehemu za nguo. Wanaanza kuniuliza tangu asubuhi, "Mama amesemaje wiki hii?" Maswali yote yalikuwa yao. Nilishindwa kukuambia, kwa sababu ulisema sindano iishie kwako.

Najua kwa nini ulisema hivyo. Nilikuwa chini ya meza, Mama. Niliwasikia waliochukua nguo wakasema watalipa mwisho wa mwezi, na nilikuona ukiinuka kwa kushika ukuta. Ulinisomesha ili nisiinuke hivyo.

Sasa hili ndilo lililoninyamazisha. Mwezi uliopita ofisi waliniita nirudi, meza ileile na feni ileile. Nilivaa shati nikafika mpaka mlangoni. Nikarudi sokoni. Nimekataa, Mama. Kupunguzwa kazi haikuwa shauri langu, lakini kukataa ni shauri langu. Uniwie radhi kwa uongo. Kwa kukataa sijui niombe radhi vipi, kwa sababu nina furaha.

Mwanao

29 Septemba

Mama,

Shikamoo. Je, u mzima? Dereva anasema ulipokea barua mkononi, ukaingia ndani, ukafunga mlango. Safari mbili amepita na hukumpa kitu.

Vijana wameuliza tena Mama amesemaje. Nimewaambia Mama anapumzika.

Niandikie hata matusi.

Mwanao

15 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Mgongo ni uleule.

Nimekaa na barua yako muda wote huu. Nilikasirika, na usidhani hasira imekwisha, imekaa tu kitako. Nililia pia. Mama jirani alipouliza habari za ofisi nikamwambia umehamia ofisi ya wazi, haina hata mlango. Amesema hongera. Nikaona upuuzi huo sitauweza mpaka kufa, nikamwita nikamweleza yote. Kumbe mwanawe ameanza kazi na hajui kununua suruali. Atakuja Jumamosi. Mpokee, na umwangalie asishike cha kwanza anachokiona.

Bado nakushuku. Huyo dada wa zahanati umeshanitajia mara mbili, na mara zote mbili umemweleza kwa urefu. Sina haraka. Nasubiri mara ya tatu.

Lile shati nimelitundika kwenye msumari juu ya cherehani. Wateja wanauliza ni la nani, nawaambia wageuze ndani waone. Kola ile mimi mwenyewe nisingeishona vizuri zaidi, na hilo sikulisema mwezi wa sita kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Nalisema sasa. Lakini ukataji, mwanangu! Umekaa moyoni mwangu ule ukataji. Nikachukua mkasi wangu nikaushika kwa mkono wa kushoto, nikajaribu. Kitambaa kinajikunja katikati, kidole kinauma. Nikaelewa kwamba mkasi wangu, ambao ningekurithisha, hautakufaa kamwe.

Basi nikaenda kutafuta. Duka la kwanza walinicheka, wakasema mkasi ni mkasi. La pili hawakujua naongea nini. La tatu yule mzee akaingia nyuma, akakaa huko mpaka nikamshuku amenikimbia, akatoka na kiboksi chenye vumbi. Mkasi wa mashoto. Alisema umekaa hapo miaka, hakuna aliyewahi kuuulizia. Niliufungua, nikautazama ndani kwenye bawaba, nikaunusa, nikakata kipande cha kitambaa nilichokwenda nacho, kwa mkono wa kushoto. Ukapita bila kukunja.

Ndio huo aliokupa dereva. Usikatie karatasi.

Barua hii wasomee vijana wako hapo juu, kuhusu kutoshika cha kwanza. Hapa chini usiwasomee. Yule mzee alitaja bei, bei ya kwanza, ya wajinga na ya wagonjwa. Mwanangu, sikumwomba apunguze hata kidogo. Nililipa nikamshukuru.

Mama yako