Ukija Karatu, Usikubali Kuitwa Shangazi

Yeyo, mama yangu,

Nakuinamishia kichwa uniguse kwa salamu yetu, ingawa wewe uko Loliondo nami niko Karatu. Macho yanaendeleaje? Yule ndama aliyekuwa anaharisha amepona? Mdogo wangu Nashipai akusomee barua hii mkiwa wawili tu, maana nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: namchukia Kaka Lemayani. Nimeomba chuki iniondoke, haijaniondoka.

Ulisikia kwamba amepata kazi ya mapokezi katika hoteli ya watalii kule juu Ngorongoro. Hukusikia alivyoipata. Usaili ulifanyika kwa kompyuta, chumbani kwake, nami nilikuwa nyuma ya pazia nasoma. Simu yake aliiegemeza kwenye kopo la sukari. Ina akili mnemba ndani: inasikiliza swali, inaandika jibu, naye anasoma huku akijifanya anafikiri.

Mama mmoja wa hotelini akamwambia, "Tueleze shida kubwa iliyowahi kukupata na jinsi ulivyoishinda."

Simu ikaandika, Kaka akasoma: mama yake alifariki, naye Kaka akaacha shule ili anilee mimi. Alisoma vizuri, mpaka akafuta machozi ambayo hayakuwapo.

"Pole sana. Marehemu aliitwa nani?"

Hapo simu haikuwa na jibu. Kaka akalitoa mwenyewe. Alitaja jina lako, akaongeza la babu. Kwetu hata aliyekufa kweli jina lake halitajwi, na yeye akakutaja wewe unayekamua ng'ombe kila asubuhi!

Nilipomlaumu, akacheka. "Wewe kitabu kinachotembea, kazi unazijua? Siku hizi kila mtu anafanya hivyo."

"Na Mama akija kutibiwa macho?"

"Tutamwita shangazi. Siku chache tu."

"Mwite wewe."

"Utamwita na wewe. La sivyo, utalala nje na madaftari yako."

Jumamosi yule mama wa hotelini alitupitia akiwa na sare ya Kaka mkononi. Kumbe naye ni Mmaasai, wa Endulen. Nilimwinamishia kichwa, akanigusa.

"Lemayani," akasema, "ulinishangaza siku ile. Sisi Endulen hatutaji majina ya marehemu. Ninyi wa Loliondo mnataja?"

"Aa, mama, hayo ni mambo ya zamani," Kaka akajibu, huku akinikanyaga mguu.

Akanigeukia mimi. "Mwanangu, mama yenu yuko wapi?"

Unanijua, Mama. Darasani nikiulizwa swali, sauti inakwama. Siku hiyo haikukwama. Nikasema, "Yuko Loliondo. Anakuja mwezi ujao kutibiwa macho."

Yule mama hakugomba. Aliishika ile sare, akairudisha kwenye gari, akaondoka. Kaka ananiita mchawi. Anasema nimemlia riziki. Na aseme. Aliyemzika mama yake akiwa hai hana la kunifundisha.

Nisalimie babu mwenye boma, na mjomba anayetuchungia mbuzi. Nashipai mwambie asiache kusoma kwa sauti.

Kaka alivitupa vitabu vyangu nje jioni ya Jumamosi ileile. Niliviokota, nikavifuta vumbi, nikavifunga kwenye shuka na kwenda shuleni. Nilimweleza matroni kila kitu, akanipa kitanda bwenini. Halafu nikamwomba ruhusa ya kuja stendi kukupokea, nikamwambia ni mama yangu mzazi anayekuja. Amekubali.

Mwanao,
Naserian