Mahali Nyasi Zilipokataa Kuota

Jumapili, 8 Septemba

Umande mzito leo. Wilf angekuwa nje tangu alfajiri, akipima unyevu wa ardhi kwa kisigino. Septemba ndio mwezi wa nyasi, alikuwa akisema, miezi mingine yote ni ya kuziangalia tu. Haya, Septemba imefika. Yeye yumo humo humo kwenye nyasi, na kazi imeniangukia mimi.

Nimesimama dirishani na chai yangu nikilitazama doa. Halijapona. Mwezi wa tano tulipommwaga, mimi na dada yangu Enid, upepo ulikuwa mkali na Enid aliogopa majivu yasimwingie machoni. Nikakiinamisha chombo karibu na ardhi. Wilf akatoka mzima kwa mkupuo mmoja, katikati kabisa ya uwanja. Nikadhani mvua itamsambaza. Mvua ilimgandisha! Sasa pana doa la ukubwa wa mkeka wa mlangoni, la kijivu, gumu kama sakafu. Hata magugu yamelikimbia.

Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Niweke kwenye nyasi zangu, Muriel, usinipeleke kwa wageni. Mtu aliyeishi kwa ajili ya nyasi — na nyasi hazimtaki. Nimeazimia: kabla ya theluji ya kwanza nitamfunika kwa kijani. Siwezi kumwacha wazi vile majira yote ya baridi.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekwangua. Uwanja mzima, kwa ile reki ya chuma. Unavuta mpaka zitoke nyasi mfu zilizoshonana chini, na kuvumwani, ile sufi ya kijani inayokaba kila kitu huku kwetu milimani. Milima ya takataka! Uwanja sasa ni kama kichwa cha mtu aliyetoka hospitali. Wilf alisema ukimaliza kukwangua bila kuona haya, basi hukukwangua.

Cyril Ollerenshaw alikuwa anachungulia juu ya ua, bila shaka. Jirani yetu miaka nenda miaka rudi. Yeye na Wilf walishindana nani ana mistari iliyonyooka zaidi baada ya kukata nyasi, na sidhani kama waliwahi kuingia mmoja nyumbani kwa mwenzake. Lakini siku ya mazishi, kabla ya mwili kuchomwa, Cyril alibeba jeneza upande wa mbele, na alikuwa analia waziwazi.

Leo akaniambia nimeshika reki juu mno. Nikamwambia nimekoroga uji wa shule nzima maisha yangu yote, mpini naujua. Akacheka, akaondoka. Bega linaniuma vibaya, lakini hilo simwambii.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo kutoboa. Unachomeka uma wa bustani, unautikisa, unauchomoa, unasogea hatua. Ili ardhi ipumue. Kisha mchanga na mboji juu, unafagia viingie matunduni, kisha mbegu. Nimefanya kila kitu kama alivyokuwa akifanya yeye.

Isipokuwa kwenye doa. Uma ulikataa kuingia. Nikaupanda kwa miguu yote miwili. Ukaingia kwa mlio mbaya ambao sitaki kuufikiria. Nikasema "samahani" kwa sauti. Halafu nikageuka haraka kuona kama Cyril amesikia.

Doa nimelipa mbegu mara mbili ya kwingine. Nimetandaza wavu kuzuia njiwa. Sasa ni kusubiri.

Jumatano, 25 Septemba

Zimeota! Laini, nyembamba, kijani mpaka kwenye ua. Zimeota chini ya mti, zimeota kwenye njia aliyokuwa akipita paka, zimeota hata kwenye ufa wa saruji ambako hakuna aliyezipanda.

Kwenye doa — hakuna. Mbegu zimelala pale kama zilivyotoka mfukoni. Nimepiga magoti nikaangalia moja moja. Chache zilivimba, zikawa kahawia, zikafa.

Nimelia jikoni. Si huzuni, ni hasira. Namkasirikia yeye. Hata kufa hukujua kufa bila kuniachia kazi, wewe mwanamume!

Jumapili, 29 Septemba

Cyril kaleta viazi kutoka shambani kwake, kama kila Jumapili tangu mazishi. Kasimama ukingoni mwa uwanja, mikono mgongoni. Kasifu. Kasema Wilf mwenyewe hakuwahi kupata uotaji kama huu. Kisha akauliza kilimwagika nini pale katikati.

Ningemwambia. Neno lilikuwa ulimini. Lakini niliuona uso wa Wilf. Miaka yote ile hakumpa Cyril nafasi hata moja ya kumcheka, na leo nimwambie kwamba anayeua nyasi za Wilf ni Wilf? Nikasema chokaa. Mfuko ulipasuka, nikasema.

Akainama. Akachota kidogo, akakisugua kwa vidole, akanusa, akajifuta kwenye suruali.

Akaeleza, taratibu, kama daktari. Chokaa ya namna hii haina dawa. Uchimbe kina cha koleo, utupe, ulete udongo mpya, ubandike nyasi za zulia, zile zinazouzwa zikiwa zimeshaota. Atanifanyia yeye, kazi ya asubuhi moja.

"Usiguse," nikamwambia.

Akasema Wilf asingevumilia kuona doa hili. Nikamwambia nadhani namjua Wilf kumshinda yeye. Akatia kofia kichwani akaenda zake. Viazi akaviacha mlangoni.

Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema. Lakini nitasemaje sasa, baada ya chokaa? Kiburi cha marehemu nimekirithi pamoja na reki.

Alhamisi, 3 Oktoba

Enid anasema kwenye simu kwamba majivu ya mtu yana chumvi nyingi, kasikia redioni. Nimemwagia doa maji tangu asubuhi ili chumvi ishuke. Limekuwa tope. Jioni limekauka, limerudi vile vile. Nimetia mbegu tena, ingawa ardhi imeshaanza kupoa. Wilf angenitukana.

Jumatano, 9 Oktoba

Sakitu ya kwanza, umande ulioganda usiku, nyeupe kwenye mapaa. Hakuna kilichoota. Mwaka huu basi.

Enid ana sherehe ya kuzaliwa mwishoni mwa wiki, anataka niende kwake Whitby. Nikasema siwezi kumwacha. Enid akauliza, "Kumwacha nani, Muriel?" Naenda. Nimemwomba Cyril atupie jicho nyumba.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimerudi leo mchana. Nikapita moja kwa moja uani, mkoba mkononi.

Doa halipo.

Naandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma: nilifurahi. Kwa muda wa kutua mkoba chini, niliamini. Nikasema hatimaye, Wilf, hatimaye umekubaliwa. Kisha nikaona maungio. Pembe nne zilizonyooka. Nyasi za zulia zimebandikwa, zimeshindiliwa, zimefagiliwa, huwezi kutia hata kisu katikati. Kazi safi. Hakuna mtu mtaa huu anayeweza kazi hiyo isipokuwa mmoja.

Nikaenda kugonga kwake. Alifungua huku anajizuia kutabasamu. Akasema hataki shukrani, na kama nimekasirika nikasirike, lakini rafiki hawezi kumwachia mjane wa rafiki yake doa kama lile. Rafiki! Sijawahi kumsikia akilitumia neno hilo kwa Wilf.

Nikamuuliza udongo uko wapi.

Kwenye pipa, akasema. Lile pipa lake la magurudumu, la kahawia, la taka za bustani. Halmashauri hawapokei udongo, kwa hiyo ameufunika kwa kuvumwani juu wasiuone. Wanakuja kesho asubuhi. Nisiwe na wasiwasi.

Nikasema asante. Nilisema asante! Nikarudi nyumbani nikakaa na koti langu mwilini mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 15 Oktoba

Pipa la Cyril liko jikoni kwangu.

Nimelitoa ukingoni mwa barabara kabla hakujapambazuka vizuri, lilikuwa limepangwa pamoja na ya wengine. Zito ajabu. Nimeweka ubao kizingitini nikalisukuma kwa bega lile lile bovu. Sasa limesimama kati ya meza na friji, linanuka ardhi mbichi. Mimi nimekaa naandika kwa sababu sijui la kufanya. Sijafungua kifuniko. Nikifungua nitaona nini? Udongo. Nitamchambua kwa nini, kwa chekeche la unga?

Lori la taka linasikika mtaa wa juu.

Cyril yuko nje. Namwona dirishani, kavaa sapatu na kofia ya sufi. Kaangalia ukingoni. Kaangalia kulia, kushoto. Sasa ameona alama za magurudumu kwenye sakitu, zinazokuja moja kwa moja mlangoni kwangu.

Anagonga. Anauliza kama pipa lake liko huku, sauti ya kawaida tu, ya kuulizia. Sijibu. Anasema watu wa lori wako nyumba ya tatu, watampita.

Breki. Wanainua, wanagonga, wanashusha. Nyumba inayofuata. Inayofuata. Limepita.

Nilidhani ameondoka. Hajaondoka. Kivuli chake bado kiko kwenye kioo cha mlango. Sasa anainama kwenye tundu la barua.

"Muriel. Ile haikuwa chokaa, sivyo?"

Mkono wangu mmoja uko juu ya kifuniko. Hagongi tena. Amesimama wima pale nje, na kupitia kioo namwona anavua kofia, kama siku ya mazishi.