Shanga za mtoto wa bango

Mwenzangu, leo ofisini ameingia mama nisiyemjua, bila miadi, amemshika mkono binti yake mdogo. Akasema, "Tumekuja kushukuru. Huyu ndiye wa kwenye bango lenu."

Ndiye kweli! Yule mwenye kipara, anayeliza watu hadi wanachangia hospitali ya watoto. Amepona! Nywele zimeota, zimesukwa na shanga nyekundu. Akaiona kamera yangu, akaniuliza, "Anti, utanipiga picha na shanga zangu?" Nikamwambia, "Nakuahidi."

Basi akatoka mkuu wetu wa uchangishaji. Unajua alisema nini? Hata "hongera" hakusema. Alisema, "Nywele hizi zitatuharibia kampeni."

Zitatuharibia kampeni! Nywele za mtoto!

Akaleta kofia ya wodini. "Mvalishe, ainamishe kichwa. Mtoto aliyenawiri hamtoi mtu pesa." Na wenzangu, na fulana zao za "Tunawapenda Watoto", wakacheka. Mmoja akamwambia yule mama, "Mama, mwambie anune kidogo." Walafi wa machozi! Nami nilidhani nimefika kwa watu wenye huruma.

Mtoto alikuwa ananitazama tu. Nikaiweka kofia mezani. Mkuu akaniambia, "Binti, ukimpiga picha hivyo, mkataba wako usahau." Ule wa kusainiwa Ijumaa. Unajua nilivyousubiri.

Nimempiga picha. Hiyo hapo chini. Shanga hazionekani vizuri kwa sababu alikuwa anatikisa kichwa zilie, huku anacheka.