Jezi Mbili za Jovan Obore wa Buteba

Ni mwaka mmoja sasa, Jovan, tangu komeo la mlango wa jikoni lilie mara ya mwisho kabla ya mapambazuko. Lilikuwa likilia kama kifaranga aliyekanyagwa, nawe ulilivuta polepole ili usimwamshe bibi yako Robinah. Yeye alikuwa macho zamani. Alikusikiliza ukitoka kwenda kukimbia, akijua kwamba utarudi na dumu la maji kila mkono, moja letu na moja la jirani Specioza, ambaye mguu humsumbua. Hakuna aliyekutuma.

Ulikuwa bado mtoto wa shule ya msingi mwaka 2007, Uganda ilipochukua Kombe la Afrika la raga kule Madagaska. Ulisikia redioni kwa fundi baiskeli, ukaja mbio kumwambia bibi. Akakuuliza, "Mabao mangapi?" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Baadaye timu ya Uganda ya wachezaji saba ikawa bingwa wa Afrika, ikarudia mwaka uliofuata, ikaenda hadi Kombe la Dunia. Kila mara ulimletea bibi habari hizo kama za jamaa zenu. Hakuelewa sheria za mchezo huo hata kidogo. Alielewa uso wako.

Kisha wewe mwenyewe ukaitwa timu ya taifa. Mabega yale yaliyonasua mikokoteni ya watu kwenye matope ya Buteba yakawekwa mstari wa mbele, kwenye skramu, pale wanaume wanapoinama na kusukumana kama mafahali. Mlicheza na Kenya kule Kisumu, kugombea Kombe la Elgon, lenye jina la mlima huu tunaouona asubuhi isiyo na mawingu. Bibi alivuka mpaka, akaketi katika hoteli moja ya Busia upande wa Kenya, yenye televisheni, yeye Mganda peke yake. Lundo la watu lilipokuangukia, alisimama akashika kichwa.

"Mama, tulia," mwenye hoteli akamwambia. "Huyo ataamka. Huwa wanaamka."

"Na asipoamka?"

"Basi chai yako nitalipa mimi."

Uliamka. Mlishindwa siku ile, lakini bibi hajawahi kulipia chai kwa furaha namna hiyo.

Halafu ikaja ajali ile ya barabara ya Tororo. Tulipokwisha kukuzika, siku ya kugawa nguo zako kama ilivyo desturi, baba yako mdogo Emong alifungua sanduku mbele ya watu. Juu kabisa palikuwa na jezi nyekundu ya Kenya. Ya Uganda haikuwamo.

"Kumbe huyu alikuwa anachezea Kenya," Emong akasema.

Neno hilo limetutesa mwaka mzima. Dukani walisema ulinunuliwa. Bombani wanawake walimuuliza bibi, "Hivi mjukuu wako alikuwa wa wapi hasa?" Bibi aliwaambia kuwa alikuona kwa macho yake ukiwa na jezi ya Uganda. Wakamjibu kwamba kwenye televisheni watu wote wanafanana. Hata katekista, akikuombea, alianza kusema "kijana wetu aliyecheza huko na huko." Jezi ile hakuna aliyeitaka. Bibi aliikunja akaiweka chini ya godoro lake, maana ilikuwa yako hata kama hakujua imetoka wapi.

Tegemeo lake lilikuwa moja. Mkubwa mmoja wa klabu yako ya Kampala aliahidi kaburini kwamba siku ya kutimiza mwaka angesimama mbele ya kijiji aseme ulichoifanyia nchi. Basi Jumamosi tulichinja mbuzi, tukamwekea kiti chenye kitambaa. Asubuhi alituambia kwenye simu, "Niko njiani." Mchana alikuwa bado njiani. Baadaye simu ikazimwa. Bibi alikataa mtu yeyote asikalie kiti hicho, hata katekista. Watu walikula, wakafunga nyama yao kwenye majani ya mgomba, wakaanza kuondoka.

"Mama, unaona?" Emong akasema. "Hawamjui."

Bibi akawa anakung'uta vumbi kwenye kitambaa cha kile kiti.

Uwanja ulipobaki karibu mtupu, bodaboda ilimshusha kijana mmoja mwenye shingo nene kama yako. Alisema anaitwa Tom, ni Mkenya, ndiye aliyesukumana nawe kule Kisumu, na kwamba habari za msiba zilimfikia kwa kuchelewa. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Bibi aliliona hilo. Kisha akatoa mkobani jezi ya Uganda, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Hii ni ya Jovan, shosho," alimwambia bibi. "Mechi ikiisha unavua yako, unampa ule mtu mmepambana na yeye. Si kila mtu. Ni ule unamheshimu."

"Kwa hiyo ile nyekundu?" Emong akauliza.

"Ni yangu. Angalia chini ya mkono wa kushoto. Mamangu aliishona na uzi wa bluu."

Bibi aliileta mwenyewe. Uzi wa bluu ulikuwepo, na kwa mwaka mzima tulikuwa tumelala karibu nao.

"Sasa mbona yeye hakutuambia?" Emong akasema.

"Wewe ulimuuliza lini?" bibi akamjibu. "Uliliuliza sanduku."

Tom alikalishwa kwenye kile kiti. Alitusimulia ulivyomrudisha nyuma siku ile mpaka miguu yake ikalima uwanja, na mchezo ulipokwisha ukaja kumuuliza kama shingo yake iko salama. Sisi tulijua habari hiyo ni ya kweli, kwa sababu huyo aliyeuliza ni wewe kabisa.

Tumefurahi, Jovan, lakini tusikufiche: tumeudhika pia. Maneno ambayo wenzetu walipaswa kuyasema yamesemwa na mtu wa upande ule mwingine, na waliokuita msaliti hawakuyasikia, walikuwa wameshakwenda na nyama zao. Ndiyo maana tunaandika tangazo hili la kumbukumbu, ili wasome. Jovan Obore aliichezea Uganda. Jezi ya Kenya alipewa kwa heshima, naye akaitunza kuliko nguo zake zote.

Tunaokukumbuka ni bibi yako Robinah, dada yako Juliet, jirani yako Specioza, Tom wa Kenya, na baba yako mdogo Emong, ambaye ameomba mwenyewe jina lake liwemo. Daima tutakukumbuka, na sasa tutakukumbuka kwa ukweli wako.

Jioni ile bibi alimsindikiza Tom hadi barabarani. Bodaboda ilikwisha kuwashwa, lakini alikuwa bado amemshika mkono.

"Njoo tena, mwanangu," alimwambia. "Ila usije Jumamosi. Njoo Jumapili, kanisa likiwa limejaa."