A Mpaka M kwa Dada, N Mpaka Z Kwangu

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Hujambo huko? Mgongo je, bado unakusumbua? Sisi huku wazima, oveni tu ndiyo inayoumwa: inaunguza upande mmoja. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nimempa muuza mayai. Najua yeye huwezi kumfukuza mlangoni.

Nina swali, si ugomvi. Tangu tugawane vikatio vya herufi alivyotuachia Mama, vya kukatia sukari ya kupambia keki, wewe ukabeba A mpaka M, mimi ukanisukumia N mpaka Z, mwaka wa pili huu nahangaika. Wateja wote wanataka Kiingereza kwenye keki, eti Kiswahili hakina sherehe. Na HAPPY BIRTHDAY siwezi, nusu yake iko kwako. Nilinunua vikatio vya plastiki, vikachana sukari utadhani panya kapita. Kwa mkono ndiyo kabisa, mwandiko wangu unaujua. Mteja mmoja aliniuliza kama huo ni mnyoo.

Sasa kuna mama mmoja, binti yake kahitimu uuguzi, anataka PROUD. Sina D. Nimepekua kamusi nikaambulia SOUP na STOP. Hebu nisaidie kufikiri, neno gani la kumsifu mtu lina herufi zangu tu?

Mdogo wako, kitinda mimba


11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo upo, tumeshazoeana.

Mwandikie WOW. Nesi mpya hana muda wa kusoma maneno marefu.

Na usidhani kwangu ni raha. Juzi bibi harusi kaagiza LOVE. Mimi nina L na E, basi. Nikamkatia LIKE. Weee, alivyonuna! Lakini mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi, akasema angalau keki imesema kweli. Mzee aliyestaafu nilimpa CHIEF, huyo akaondoka kifua mbele. Waliobaki nawaandikia CAKE, wasije wakasahau wanakula nini.

Hivi kuna neno la kumkaribisha mtu lisilo na O? WELCOME inayo, HELLO inayo. Nauliza tu.

Dada yako


25 Februari

Dada,

Shikamoo tena. Hiyo LIKE nimeicheka mpaka maziwa yakafurika jikoni. WOW yako imeuzika, yule mama karudi kuagiza nyingine.

Neno lako nimelitafuta kwa siku kadhaa, kamusi imejaa unga. Nimepata HAIL, lakini hilo ni la wafalme. Mgeni ukimwandikia hivyo atageuka nyuma aone nani kaingia. Ila nimegundua jambo la ajabu. Maneno ya furaha karibu yote tumeyakata katikati: LOVE nusu kwako nusu kwangu, WELCOME vilevile. Ya ugomvi ndiyo mazima. Mimi nina STOP, wewe una BLAME.

Basi acha niseme, lisije likanioza moyoni. Siku ile ya kugawana ulisema mbele ya shangazi zetu kwamba Mama kaugua mimi nikiwa nastarehe, kwamba nimefuata vikatio tu. Dada, ulijua kwamba nilikuwa nafanya kazi mbili ili dawa zake zisikatike. Ulijua, na bado ukasema. Niliumia, na mpaka leo naumia.

Vikatio sivitaki. Nataka ulirudishe neno lile. Bila hivyo tutaandikiana habari za keki mpaka tuzeeke, na undugu wetu utaishia hapo.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Nimekawia kujibu. Nilitaka kusingizia mgongo, lakini siyo mgongo.

Naomba uniazime vikatio vinne: S, O, R na Y. Kuna keki nataka kuipamba. Usiniulize ni ya nani, nitavirudisha. Muuza mayai ananipigia honi, naishia hapa.

Dada yako


9 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta nakanda unga, nikaisoma nimeishika kwa vidole viwili.

Hukutaka niulize, sikuuliza. Lakini kunikataza kutafuta hukunikataza, na mimi unanijua. Nilianza kuchanganya herufi zako na hizo nne. Nikapata GLORY, nikasema labda ni keki ya kanisani, lakini S ingebaki haina kazi. Nikapata MEMORY, moyo ukanipasuka, nikadhani ni ya kumkumbuka Mama. S ikabaki tena. Mume wangu akaniambia lala, mwanamke, unatafuta nini? Mwisho nikaziweka zako kando, nikazipanga hizo nne peke yake, R mara mbili.

SORRY.

Nilikaa sakafuni, Dada. Nililia na unga mikononi, sura ikawa kama andazi. Kumbe neno la kuniomba radhi muda wote lilikuwa zima kwenye mkebe wangu. Ulipogawa kwa hasira ulinipa mimi lote, wewe hukubakiza hata herufi moja. Ndiyo maana miezi yote hii ulikuwa kimya?

Vikatio sikuazimi. Navileta mwenyewe, vyote, Jumamosi pamoja na mayai. Muuza mayai kaniwekea nafasi mbele kwenye gari lake. Keki ioke, lakini usiipambe. Nataka nisimame hapo mezani nikuone ukilikata neno lako kwa mkono wako. Likipinda sitakucheka. Halafu tutalila, na S ni yangu.

Ukimaliza, na mimi uniazime viwili, A na D. Kuna neno nimeshindwa kuliandika tangu tugawane. Si la Kiingereza, na ni wewe unayeitwa hivyo.

Mdogo wako